Sale Lililofunga Taulo

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimefika! Kiuno hakisemeki kwa lile basi, lakini nimefika. Kutoka Morogoro nimekaa na baba mmoja aliyekula mayai ya kuchemsha njia nzima, na kila yai alinikaribisha. Stendi ya Moshi nikamkuta dereva wa loji ameshika kibao: MADAM ELINIPENDO. Madam! Nikageuka kumtafuta huyo madam. Miaka yote niliyokuwa kazini shule ya wasichana niliitwa Matroni mbele na Kipanga nyuma, na yote mawili niliyasikia.

Safari hii ni zawadi ya wanangu, Lucky na Violet. Mama ukapumzike, ukandwe, utembee, usipike. Tangu majibu ya hospitali yatoke wananishika kama chungu chenye ufa. Uvimbe si kansa. Naandika tena kwa sababu napenda kuyaona maneno yenyewe: si kansa. Limebaki kovu dogo karibu na kwapa, basi.

Ila huyu Lucky! Nilidhani ananipeleka Zanzibar kama mama za watu. Kumbe loji yenyewe iko Machame, juu ya Kwa Sadala, korongo moja tu kutoka kwa dada yangu Aikaeli. Dada ambaye sijasema naye miaka mitano. Nimempigia Lucky nikamuuliza, hukuona kwingine? Anasema, mama, kulikuwa na ofa. Ofa! Huyo mtoto namjua tangu yuko tumboni.

Sijamwambia mtu wa huku kwamba nimekuja. Mchagga kulala loji kwao — wakijua nitasemwa mpaka Pasaka. Mtu akija kwao analala kwao. Lakini kwetu sasa ni kwa mdogo wetu Eliufoo, na kwa Eliufoo Aikaeli anaingia na kutoka kama upepo. Kwa hiyo mimi ni mtalii. Nimenunua na kofia.

Nimekagua kitanda. Kona za shuka zimekunjwa vizuri, chini ya godoro hakuna vumbi. Wanastahili sifa.

Baridi ya huku nilikuwa nimeisahau. Mlima umejifunika, hautaki kuniona. Sawa. Na mimi sitaki kuonwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimekandwa. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi meneja amekuja mezani kuuliza nimelalaje. Anaitwa Fredy, kijana wa Iringa, mpole, shati limenyooka. Kwa kuwa nimetoka Morogoro alidhani mimi mgeni kabisa akaanza kunifundisha: mama, hii ndizi inaitwa mshare, ule mti ni mringaringa. Nikamsikiliza kwa adabu. Hata nikauliza maswali.

Kisha spa. Ni chumba cha mbao kando ya mfereji, maji unayasikia chini ya sakafu. Anayekanda anaitwa Yuditha, mzaliwa wa hapahapa, ana mikono mipana ya mtu aliyekua akikamua ng'ombe. Akasema, mama vua, lala kifudifudi. Nivue! Mimi ndiye niliyekuwa nawakimbiza wasichana mabwenini wavae! Nikavua. Nikabaki na taulo na heshima yangu, na taulo lenyewe lilikuwa fupi.

Halafu kahawa. Nasema kweli — kahawa! Imesagwa, imechanganywa na mafuta ya nazi, unasuguliwa mgongo mzima. Marehemu baba angefufuka. Sisi tulichapwa kwa kudondosha punje chini ya mti wa kahawa, na kuinywa ilikuwa anasa ya wageni. Leo imemwagwa mgongoni kwangu kisha ikaoshwa ikaenda na maji! Nilitaka kukasirika nikashindwa. Yuditha alipofika mabegani nikagundua mabega yangu yako karibu na masikio, na yamekaa hapo tangu siku nilipougusa ule uvimbe bafuni. Yakashuka. Nikalia kidogo, uso ukiwa kwenye lile tundu la kitanda, machozi yakadondokea bakuli la maua waliloweka chini. Yuditha akaendelea kukanda. Kovu aliliona, akalipitia kwa mbali.

Nilipoinuka nilikuwa mwepesi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikiwa na mafuta mpaka masikioni.

Ndipo akaniletea taulo dogo jeupe la kujifutia uso, la moto, limeviringishwa. Na limefungwa kwa sale!

Nikauliza, nani amefanya hivi? Yuditha akaangalia chini. Ni wazo la meneja. Mataulo yote ya hapa yanafungwa hivyo, wageni wanapenda, wanapiga picha. Yeye alijaribu kumwambia Fredy. Fredy akasema, lakini ni jani zuri.

Ni jani zuri, ndiyo. Refu, la kijani, linakawia kunyauka. Sisi tunalipanda mpakani na makaburini. Na mtu aliyekukosea akija kwako ameshika sale lililopigwa fundo, husemi hapana. Hata kama iko damu kati yenu, unapokea. Ukikataa, yatakayokupata usimuulize mtu. Ndiyo maana mtoto wa Kichagga hachezei sale, wala halitupi njiani likakanyagwa. Na hawa wamefungia taulo!

Na sasa jani limenirudisha kwenye mambo niliyoapa sitayaandika likizo hii. Basi kwa ufupi. Mama alipougua nilimchukua nikashuka naye Morogoro, awe karibu na hospitali. Aikaeli hakutaka. Alisema mama hataweza lile joto, aachwe kwenye migomba yake. Mama akafia kwangu. Siku ya mazishi, udongo bado mbichi, Aikaeli akasema mbele ya watu wote kwamba mama amefia ugenini kwa ubishi wa mtu mmoja. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Niliondoka kabla ya chakula. Toka hapo, kila Krismasi Wachagga wote wakipanda kwao, mimi nakula pilau Morogoro na majirani.

Nilikuwa namngoja aje na sale. Yeye ndiye aliyetamka. Sale hubebwa na mkosaji, na mkosaji si mimi.

Ila siku ile niko kwenye benchi la hospitali nasubiri majibu, kidole chenyewe kilitafuta namba ya Aikaeli. Si ya Lucky wala ya Violet. Nikakata kabla haijaita.

Ijumaa, 8 Agosti — Nane Nane

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Asubuhi kulikuwa na jua. Mlima umefunguka wote, mweupe kichwani, nikasimama kwenye baraza na kikombe changu nikasahau kunywa. Leo ni matembezi mpaka kwenye maporomoko. Wa kunipeleka ni Primus, mtu wa Kibosho, zamani alikuwa anapandisha wageni kileleni, sasa magoti yamemwambia basi. Nikamwuliza njia inapita wapi. Akasema kwa chini, kandokando ya mto, vijijini hatuingii. Nikasema hiyohiyo.

Fredy akanikabidhi chupa ya maji na taulo la jasho. Limefungwa kwa sale, bila shaka.

Tulitembea vizuri ajabu. Kahawa imeiva, nyekundu, kina mama wanachuma na kupiga soga. Mifereji imejaa. Nilikuwa nimesahau jinsi udongo wa huku unavyonukia asubuhi. Primus hana haraka wala hana maneno mengi, mtu wa kutembea naye hasa. Kwenye uwazi mmoja akanionyesha tambarare, Moshi mjini, na kule mbali weupe fulani wa maji — mpunga wa Mabogini, anasema. Maporomoko yenyewe yalinirushia manyunyu mpaka miwani ikalowa. Nikacheka peke yangu. Mwili mzima ulikuwa unaniambia: unaona, bado tupo!

Nilifungua taulo nijifute. Taulo nikalitupia shingoni. Jani likabaki mkononi, na fundo lake. Nilitafuta pa kuliweka. Mfuko sina, mkoba Primus ameuvaa yuko mbele. Chini silitupi — nililelewa. Basi nikaenda nalo.

Kurudi, ng'ambo ya mto, Primus akasimama. Kidaraja tulichotakiwa kuvukia hakipo. Watu wawili walikuwa ndani ya maji wanahangaika na magogo, wakatuambia lori la mawe limekivunja jana. Itabidi tupande, mama, tupite kijijini. Nikasema sawa. Nilikuwa na furaha mno hata nisifikiri. Tukapanda, tukakata kushoto, migomba ikatufunika, na nilipoinua uso nikaona mringaringa uliopinda kwenye lango.

Nyumba ya Aikaeli.

Nikageuka. Primus akasema, huko hakuna daraja mama.

Aikaeli alikuwa ameinama pale langoni anafunga mzigo wa majani ya ng'ombe, panga kwapani. Amekonda. Kichwa chote kimekuwa cheupe — lini? Akainua uso. Kwanza aliona kofia. Halafu akaniona mimi. Halafu akaona mkono wangu.

Panga likamtoka.

Mdomo wangu ukasema wenyewe, shikamoo dada. Miaka mitano sijampa shikamoo, nayo ikatoka kama ya mtoto anayerudi shule.

Hakuitikia. Alikuwa anatazama jani. Akafuta viganja kwenye khanga yake, mbele na nyuma, kama anayekwenda kupokea meza ya Bwana. Akaja huku anachechemea. Akanyoosha mikono yote miwili.

Ndipo nikaelewa anaona nini.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na pumzi na maneno yalikuwa tayari: dada, hili ni la taulo. Sikusema. Mkono wangu ukanyooka, ukaweka sale kwenye mikono yake, ukarudi.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, Elinipendo. Nimepokea. Yameisha."

Akanikumbatia. Ananuka majani mabichi na moshi, vilevile. Nililia mpaka kofia ikaanguka.

Tukaingia ndani. Primus akapewa kiti nje na ndizi za kuchoma. Mimi maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, maana kikombe anasema kinaharibu. Akalisimika sale juu ya kabati ya vyombo, pembeni ya picha ya mama. Kisha akakaa akasema: nilijua utakuja. Nilimwambia Eliufoo, mwache, mkosaji huwa anachoka mwenyewe.

Mkosaji! Nikanywa maziwa. Nikanywa tena. Maziwa yalisaidia.

Baadaye akaniuliza kitu kwa sauti ndogo. Mama mwishoni alisemaje? Alikuwa na miaka mitano ya kuliuliza hilo swali na hakuwa na wa kumuuliza. Nikamwambia kama ilivyokuwa. Mama siku za mwisho hakunijua. Aliniita Aikaeli. Asubuhi Aikaeli, jioni Aikaeli, umempa ng'ombe maji Aikaeli? Na mimi niliitika. Nilisema, ndiyo mama, nimempa.

Sikuwahi kumwambia mtu. Iliniuma sana. Nilimwogesha mimi, nikamlisha mimi, na aliyeitwa ni mwingine.

Aikaeli akafunika uso kwa khanga. Nikamsikia anasema, kumbe nilikuwepo. Tukakaa hivyo mpaka ng'ombe akaanza kulalamika.

Njiani kurudi nikamwambia Primus, umeona yaliyotokea? Akasema yeye alikuwa anaangalia ndege. Nikamuuliza ndege gani. Akasema, mama, mkubwa tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelala kama gogo. Sijui mara ya mwisho nililala hivi lini.

Asubuhi simu. Eliufoo, anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto: dada, nimesikia umeleta sale! Mungu akubariki dada! Kumbe Aikaeli amempigia, kisha amempigia shangazi Mektrida wa Kwa Sadala, na shangazi akijua jambo, soko zima limejua. Wananisifu. Eti nimejishusha. Eti elimu ya Morogoro haikunipotosha. Kuhusu kulala loji Eliufoo amesema ameelewa: uliogopa kuja nyumbani kabla hujaomba. Jamani! Mimi! Niliogopa!

Kwa hiyo sasa ni rasmi, mkosaji ni mimi, na ushahidi uko juu ya kabati ya vyombo.

Nilizunguka bustani ya loji nikisema peke yangu. Nilimjibu Aikaeli majibu mazuri sana, mbele ya maua. Kwamba ni wewe uliyenivunjia heshima makaburini. Kwamba jani lako lilikuwa la jasho. Maua yalielewa.

Halafu nikachoka. Nikakaa. Na nikaona kwamba sijisikii vibaya. Hilo ndilo jambo la ajabu. Hasira ipo, naiona, lakini haina uzito ule. Ni kama meno ya bandia: yapo, hayaumi. Nilichonacho ni dada. Juzi sikuwa naye.

Ila sale si mchezo. Hilo nalo linanikera. Amepokea kwa mikono miwili, ameliweka mbele ya mama, kumbe mwenye jani hakuwa na nia hiyo. Nikinyamaza nimemchezea. Nikisema, atajiona mjinga, na Aikaeli akijiona mjinga anafunga mlango. Tutarudi kulekule, na safari hii mkosaji nitakuwa mimi kweli.

Mchana nimekandwa kichwa. Mikono ya Yuditha ikiwa kwenye nywele zako husemi uongo, nikamweleza yote. Alisimamisha vidole. Akasema, Yesu wangu, yale mataulo! Bibi yangu akijua ni mimi niliyeyafunga atanilaani. Akaniomba nisimwambie dada yangu kitu. Nikamwambia, tatizo ni kwamba dada yangu anakuja.

Maana nilimwalika jana. Visigino vyake vimepasuka na goti linamsumbua. Nilisema njoo Jumapili baada ya ibada, ukakandwe miguu, mimi nitakuwa mwenyeji wako. Alicheka. Anikande nani, mimi ng'ombe wa maonyesho? Halafu akauliza avae nini.

Tumekubaliana: Yuditha atayavua masale mataulo yote kesho kabla Aikaeli hajafika. Mataulo yawe mataulo. Na mimi ukweli nitausema siku nyingine, mahali pengine, Mungu akinipa mdomo.

Chakula cha jioni mtori. Mpishi ni wa huku, sina la kusema. Nimerudia.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya spa. Aikaeli yuko ndani. Heri mikono ishike kalamu.

Amekuja baada ya ibada na gauni lake la kanisani, viatu vya kufunga, mkoba chini ya kwapa. Langoni mwa loji alisimama akasema, kumbe hapa ndipo kwenye kelele za jenereta. Fredy alimwamkia shikamoo mama, akaitikia, akamuuliza baba yake ni nani. Iringa? Akamhurumia kwa kuwa mbali na kwao. Nilimtembeza bustani. Kahawa ya loji akasema haijapogolewa. Nilimpeleka chumbani kwangu, akabonyeza kitanda, akatazama kona za shuka. Tukaangaliana. Mama alitufundisha wote wawili.

Nilikuwa na furaha. Nataka niiandike hiyo kabla ya mengine. Tulikuwa tunatembea kwenye nyasi, ameshika mkono wangu kwa sababu ya goti, na jua la saa ya mchana, na nikafikiri: Lucky na ofa yake, nitamnunulia mbuzi.

Tukafika hapa. Yuditha alikuwa ameshafanya kama tulivyosema. Kapu la mataulo, meupe, hayana jani. Nikashusha pumzi. Akasema anaenda kuchota maji ya moto, tukae kidogo kwenye benchi.

Na Fredy akatokea. Ameshika sinia. Kumbe alipita, akaona kapu halina majani, akadhani wafanyakazi wamezembea siku ya mgeni wangu. Ameyafunga mwenyewe! Kila taulo na jani lake na fundo lake. La Aikaeli amelichagulia refu kuliko yote, kwa heshima.

Aikaeli akalipokea. Akalitazama. Akatazama la kwangu. Akatazama sinia yote.

Fredy akaanza kueleza kwamba hili ni jani la ukarimu la Wachagga. Aikaeli akamwambia, baba, nenda katuwekee chai. Akaenda.

"Elinipendo."

"Naam dada."

"Lile la juzi."

"Ndiyo."

"Lilitoka humu."

Nilikuwa nimeandaa uongo wa kila namna tangu jana. Hakuna hata mmoja uliokuja. Nikasema ndiyo, lilitoka humu, nilikuwa nimejifuta jasho.

"Kwa hiyo hukuja kwangu."

"Nilikuwa natoka kwenye maporomoko. Daraja lilikuwa limevunjika."

Akaegemea ukuta. Nilimngoja ainuke. Namjua. Angechukua mkoba, angefunga viatu, na ningemwona tena kwenye mazishi ya mtu. Niliogopa kuliko siku ya majibu. Nasema kweli, kuliko siku ile.

Hakuinuka. Aliuliza kitu kingine. "Na ya mama? Kwamba aliniita mimi?"

"Hayo ni ya kweli. Hayo hayakutoka kwenye taulo."

Alinitazama muda mrefu. Kama anayepima kitambaa. Kisha akaanza kulivua lile sale kwenye taulo lake, taratibu, kwa vidole vyake vilivyovimba, analisukuma mpaka likatoka zima, na fundo lake halikufunguka. Taulo akanipa mimi.

"Kwa hiyo mtu akilikuta tu kwenye taulo," akasema, "linahesabika?"

"Juzi lilihesabika."

Yuditha akaja na ndoo, akaona sinia, akaona mkono wa Aikaeli, karibu aimwage. Aikaeli akasimama kwa kunishika bega. Bega langu, si ukuta. Akaingia naye. Jani amelishika kwa mkono wa kulia.

Sasa niko hapa. Ukuta ni wa mbao, nasikia kila kitu. Nimesikia maji. Nimesikia Aikaeli anasema ya moto mno, kisha anasema acha hivyohivyo. Nimesikia anacheka, nadhani Yuditha amefika kwenye unyayo. Wanaongea Kichagga sasa, ya ng'ombe. Sijui atatoka na uso gani. Sikumbuki kama mtu anayepelekewa sale anatakiwa akae au asimame. Nimevua kofia.

Yuditha anamwambia, mama, miguu tayari, lete na mikono niipake mafuta. Hilo jani liweke hapo mezani.

"Chukua huu wa kushoto," anasema Aikaeli. "Wa kulia uache. Una kazi."

Yuditha ameanza na wa kushoto.